Madoa meupe ya maji baada ya kuosha gari nyumbani: wenye magari wa Mwanza tukutane hapa

Mwana_Nyegezi

Wakuu habari za wikiendi. Nimeona nianzishe huu uzi manake kila jumapili mtaani kwetu naona watu wanaosha magari yao kwa moyo wote, shampuu nzuri, povu la kutosha, mtu anasugua mpaka rimu kwa ndani, halafu gari ikishakauka ina vidoti vyeupe bodi nzima. Boneti na rufu ndo usiseme. Ukiwa na gari nyeusi au ile bluu iliyokolea inauma zaidi, unakuta gari imeoshwa leo lakini ukisogea karibu utadhani imerushiwa chokaa. Na wengi nikiongea nao wanalaumu sabuni, wanabadilisha sabuni kila mwezi, hela inaenda na madoa yako palepale.

Sio sabuni jamani. Ni maji yaliyobaki juu ya rangi yakakauka yenyewe.

Iko hivi, maji yana madini ndani yake, hasa kalsiamu na magnesiamu, huyaoni kwa macho kwasababu yameyeyuka. Tone likikaa kwenye boneti jua likalipata, maji yanaondoka kwenda hewani ila madini hayana pa kwenda, yanabaki palepale tone lilipokuwa na mengi yanajikusanya pembeni, ndo maana doa linakuwa na duara. Ni ile ile gamba nyeupe ya kwenye birika la chai. Kwahiyo hata uoshe na sabuni ya bei gani, ukiacha tone likauke lenyewe doa utaliona tu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kwanza muda. Asubuhi kabla ya saa 2 au jioni jua likishalegea, na kivulini. Mchana hapa kwetu ni shida mara mbili, jua liko utosini (tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta) na upepo wa ziwani ndo unaanza kupiga kuja nchi kavu, maji yanakauka kabla hujamaliza mlango mmoja. Halafu kitu wengi hawakiangalii, kivuli peke yake hakitoshi kama umetoka kuendesha. Boneti inakuwa ya moto kwasababu ya injini, weka kiganja, kama huwezi kukiacha pale ukatulia basi na gari haiko tayari kuoshwa, ngoja nusu saa hivi.

Pili usipake povu gari nzima kwa mpigo. Anza juu, rufu na vioo, suuza, shuka boneti, suuza, mlango kwa mlango hivyo hivyo na sehemu uliyomaliza iendelee kuwa na majimaji mpaka uje kukausha. Tairi na rimu anza nazo kabisa mwanzoni, sio mwishoni, manake ukizifanya mwisho zile za juu zote zinakuwa zinakauka huku wewe umeinama.

Tatu ndo yenye siri, suuzo la mwisho. Toa ile pua ya kupulizia kwenye mpira, acha maji yatoke taratibu kwa mdomo wazi, sogeza mpira karibu na rangi uanzie juu kabisa. Utaona maji yanashuka kama shuka moja na yanavuta yale matone mengine yanaondoka nayo. Ukipuliza kwa presha unatengeneza matone elfu madogo madogo, na kila tone ni doa linalosubiri kukauka.

Baada ya hapo kausha hapohapo, sio ukaoge kwanza au ukajibu simu. Taulo kubwa la maikrofaiba lile nene, unalitandaza juu ya boneti, unalivuta taratibu kuja kwako. Haina haja ya kusugua wala kukandamiza. La pili dogo la kumalizia.

Uzi uko wazi, wenye ujuzi zaidi karibuni, na mwenye swali aulize tutasaidiana.

Binti_Igoma

Asante sana kaka, umenigusa. Mimi nina IST nyeusi na hii kitu imenikosesha raha muda mrefu. Ila kwangu kuna mambo mawili, kwanza maji ya bomba huku kwetu juu hayapandi kila siku kwahiyo tunatumia ya kisima cha kuchimbwa cha jirani, na pili sina mpira, ni ndoo tu na kopo. Sasa hilo shuka la maji nalipataje? Na hayo maji ya kisima ndo tatizo au hapana?

Mwana_Nyegezi

Dada yangu Binti_Igoma maswali mazuri sana hayo.

Nianze na maji. Ziwa Victoria sehemu kubwa sana ya maji yake ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, mito kama Kagera inachangia lakini mvua ndo mama yao, na mvua karibu haina madini kabisa. Ndo maana maji ya bomba hapa mjini yanayovutwa ziwani, yale ya mitambo ya Capri Point na Butimba, ni laini, yaani yana madini kidogo. Angalia sabuni inavyotoa povu haraka. Kisima ni habari nyingine, huku kwetu chini ni mawe matupu, maji yanakaa kwenye nyufa za mwamba miaka na miaka yakiyeyusha madini. Sio kila kisima ni kigumu lakini vingi vinazidi bomba kwa mbali. Wataalamu wa maji wanasema chini ya miligramu 60 za madini hayo kwa lita (wanayahesabu kama kalsiamu kaboneti) ni maji laini, ikizidi 180 ni magumu sana.

Huna haja ya kipimo. Chukua kipande cha kioo safi, weka tone la kisima upande mmoja na tone la mvua au la bomba upande mwingine, anika juani. Yakikauka utajionea mwenyewe tofauti. Ila sikiliza, hata maji ya bomba yana madini kidogo na pia yanaokota vumbi, kwahiyo usije ukasema mimi niko bomba basi sikaushi. Utakausha tu.

Sasa kopo. Usimwage kwa kurusha, ile ya paaa! inavunja maji yanakuwa matone. Chukua jagi lenye mdomo mpana, liegemeze karibu kabisa na ukingo wa rufu, mimina polepole ukilisogeza kwa pembeni. Unapata shuka lile lile. Na kama unaoshea kisima basi osha na kisima, sugua na kisima, ila suuzo la mwisho weka maji mengine. Mvua ya vuli na masika tunayo, kinga kwenye dumu. Acha mvua ipige bati dakika kumi kumi na tano za kwanza zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndo ukinge. Dumu moja la lita 20 kwa IST linatosha suuzo la mwisho na linabaki.

Mzee_wa_Noah

Vijana mko vizuri ila mmeacha jambo. Mimi nimeendesha magari tangu enzi za Peugeot 504 na tulifundishwa kwamba tone la maji juani linakuwa lenzi, linakusanya jua linachoma rangi. Ndo maana unaona doa haliondoki hata ukisugua. Hayo madini sijui.

Fundi_Rangi_Nyakato

Shikamoo mzee wangu. Hilo la lenzi nalisikia sana gereji na wateja wengi wanaliamini, lakini kwa heshima naomba nieleze nilivyolielewa kwenye kazi. Tone likikaa kwenye bati liko bapa kwa chini, limegusana na rangi yenyewe, kwahiyo mahali jua lingejikusanya panaangukia chini zaidi ya rangi, sio pale juu. Alafu likianza kupata moto linakauka haraka kabla halijachoma chochote. Kinachofanya doa lisitoke ni kwamba tone likipungua yale madini na uchafu vinazidi kuwa vikali kwenye tone lile dogo lililobaki, na bati likiwa la moto vinakula ile kliakoti, ile rangi ya juu isiyo na rangi. Inabaki kovu, kashimo kadogo sana. Jua mzee umelisema sawa, ni adui, ila kazi yake ni kupasha bati moto na kukausha haraka.

Niongeze kwa wote. Madoa yako ya aina mbili na dawa zake hazifanani. Yale ya juu, ukipitisha kidole unasikia kama punje punje, hayo ni madini yamekaa juu ya rangi na yanatoka. Yale ya ndani ukipitisha kidole ni laini kabisa lakini ukiangalia kwa pembeni kwenye mwanga unaona duara. Hayo yameshakula, siki haifanyi kitu hapo, inabidi poolishi ya kukwangua kidogo kliakoti mpaka ifike usawa wa kovu, na kliakoti haioti tena, kila ukipoolishi unaipunguza. Ndo maana nawaambia wateja wangu, kuzuia ni bure, mimi ni gharama.

Kwa yale ya juu chukua siki nyeupe ya dukani, changanya na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja au mbili tu, kivulini, bati likiwa baridi. Futa, suuza kwa maji mengi, kausha. Baada ya hapo paka nta manake siki inaondoka na nta iliyokuwepo. Limau watu wanalipenda, inafanya kazi kwa sababu nalo ni asidi, ila huwezi kupima ukali wake na lina nyama nyama na sukari, mimi silipendi. Na naomba sana sana, kwa unyenyekevu, msitumie stili wuli wala ile sabuni ya unga ya kusugulia masufuria kwenye rangi. Nimeletewa magari mlango mzima umekwaruzwa kama mtu kaandika na msumari, kisa doa la maji ambalo siki ingelimaliza.

Mzee_wa_Noah

Marahaba kijana. Umenielewesha vizuri. Sasa hiyo nta, ndo inazuia madoa au inaleta? Manake nikipaka nta naona maji yanajiviringa zaidi, matone yanakuwa mengi.

Fundi_Rangi_Nyakato

Swali la mtu anayeangalia gari lake hilo mzee. Yote mawili ni kweli. Nta inafanya maji yajiviringe, ukiyaacha juani kila tone litaacha doa lake na utayaona mengi. Lakini doa limekaa juu ya nta, halijashikana na rangi, ukifuta linatoka. Bila nta maji yanatanda, yanakauka, yanashikana na kliakoti yenyewe. Kwahiyo paka nta, kila baada ya miezi miwili mitatu kwa jua letu hili, na bado kausha. Na ukiwa na nta utaona lile suuzo la mpira bila pua alilosema Mwana_Nyegezi linafanya kazi vizuri mara dufu, maji yanakimbia yenyewe unabaki na kidogo cha kufuta.

Pia acheni kuoshea sabuni ya unga ya nguo au ya vyombo kila wiki. Zimetengenezwa kung'oa mafuta, na nta kwao ni mafuta.

Nshomile_wa_Mwanza

Hapo kwenye taulo naomba nichangie kidogo. Watu wengi wanakaushia tisheti ya zamani au kipande cha kanga. Kanga haifyonzi, inasukuma maji tu kutoka hapa kwenda pale, na tisheti ina mishono inakwaruza. Maikrofaiba yenyewe ukiinunua ifue peke yake, usichanganye na nguo za pamba zitaiachia nyuzi, na usiweke ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, inaziba zile nyuzi taulo linaacha kufyonza. Likidondoka chini usilirudishe kwenye gari hata kama umelikung'uta, changarawe yetu hii ya mawe inashika.

Msukuma_wa_Kisesa

Mwadila wakuu. Mimi nina maswali mafupi. Sisi huku tunatuliza maji kwa shabu, yanakuwa meupe safi kabisa. Nikiweka shabu kwenye maji ya kisima madoa yanaisha? Na nikiyachemsha je?

Pia nimesikia kuna watu wanasuuzia maji ya betri, ni kweli au ni uzushi?

Mwana_Nyegezi

Mwadila mkuu.

Shabu inakamata tope na uchafu unaoelea, unazama chini. Madini yaliyoyeyuka haiyagusi, kwahiyo maji yanaonekana masafi kwa macho na madoa yako palepale. Kuchemsha kunatoa sehemu ya madini, ndo ile gamba inayobaki kwenye sufuria, lakini mengine yanabaki, na kuchemsha ndoo nzima kwa ajili ya gari mkaa wote huo sikushauri.

Maji ya betri ni kweli, sio uzushi. Yameondolewa madini ndo maana yanawekwa kwenye betri, na tone lake likikauka kwenye gari safi haliachi kitu. Bei yake kwa gari nzima ni kubwa, ila unaweza kuweka kwenye chupa ya kupulizia ukatumia kwenye vioo, saiti mira na boneti tu, kisha ukafuta. Lita moja inafika mbali.

LAKINI, na hili naliandika kwa herufi kubwa, MAJI YA BETRI SIO ASIDI YA BETRI. Dukani vinakaa rafu moja na chupa wakati mwingine zinafanana. Asidi ni ya kuwekea betri mpya mara ya kwanza, ikigusa rangi inaila, ikigusa jicho unaweza kupofuka. Soma lebo, muulize muuzaji, na chupa isiyo na lebo usinunue.

Msukuma_wa_Kisesa

Wabeja sana mkuu. Hilo la asidi nitawaambia na vijana wangu, wao ndo wanatumwa dukani.

Deiwaka_Kamanga

Mnahangaika wakuu, maji laini si yako ziwani pale bure? Unashusha gari ufukweni, unaosha, maji hayaishi.

Nshomile_wa_Mwanza

Hapana ndugu yangu, hapo naomba nikupinge kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la hifadhi, shughuli zinazoharibu mazingira haziruhusiwi, na gari lina oili, grisi, vumbi la breki, vyote vinaingia kwenye maji ambayo mjini tunayanywa na soko la Mwaloni wanauza samaki wake. Na hata ukiacha sheria, maji ya pale ukingoni yana mchanga mwembamba na kijani kile cha mwani, ukichota na ndoo unasugulia mchanga kwenye rangi yako. Ulaini wa maji hautakusaidia hapo.

Deiwaka_Kamanga

Nimekuelewa mkuu, sikuwa nafikiria upande wa mchanga. Basi nitachota bombani.

Mama_Isamilo

Mimi naishi mlimani huku, sehemu ya kuegesha ina mteremko, na mchango wangu ni huo. Kama umeegesha pua ikiangalia chini, anza kukausha nyuma uje mbele, manake maji yote yanashukia bampa la mbele na taa, ukianza na taa utarudia. Na kuna maji yanajificha. Kwenye saiti mira, kwenye vitasa, kifuniko cha mafuta, chini ya namba ya gari, kwenye zile herufi za jina la gari nyuma. Umeshamaliza kufuta umefurahi, baada ya dakika kumi unaona mchirizi umeshuka mlangoni na umekauka. Fungua milango yote na buti ufute ukingo kwa ndani, halafu zungusha gari kidogo mtaani kama mita mia, rudi upitishe taulo dogo mara ya mwisho.

Alafu wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, wakikuganda kwenye kioo na boneti usiwafute wakiwa wakavu. Loweka kwanza kitambaa cha maji, kiache kidogo walainike. Nimeona watu wanasugua wakavu halafu wanadhani mikwaruzo ni madoa ya maji.

Binti_Igoma

Nimerudi. Jana jioni nimejaribu, nimeoshea kisima, suuzo la mwisho nimetumia maji ya mvua kwa jagi kama ulivyosema kaka, nikakausha hapohapo. Milango na boneti haina hata kidoti, nimeiangalia na tochi. Ila kioo cha mbele bado kina yale madoa ya zamani, nimeweka siki mara mbili yamepungua tu, hayajaisha, na usiku taa za magari zikinijia mbele zinatawanyika. Nifanyeje?

Fundi_Rangi_Nyakato

Hongera dada. Kioo ni kigumu kuliko rangi kwahiyo kina ruhusa zake. Rudia siki ila kiloweshe kitambaa, kibandike kwenye kioo dakika tano mpaka kumi kisikauke, na weka taulo kavu chini ya weipa siki isichuruzikie kwenye rangi. Yakibaki tafuta poolishi ya kioo yenye seriamu oksaidi, ni unga laini sana, unasugua na kitambaa chenye maji kwa mduara mpaka kioo kiwe wazi. Jaribu pembeni kwanza, upande wa abiria chini. Kama kioo chako kina zile dawa za kufukuza maji au filamu kwa nje, usitumie, zitatoka.

Na angalia mpira wa weipa. Kama umekauka na una gamba nyeupe, yeye ndo anarudisha madini kwenye kioo kila ukinyunyizia maji. Ufute na siki ile ile, na kama umepasuka badilisha. Kwenye tanki la maji ya weipa pia acha kuweka ya kisima, weka ya mvua uliyochuja na kitambaa au hayo ya betri.

Binti_Igoma

Weipa zina gamba kweli, nimetoka kuziangalia saivi. Kumbe na tanki nalo naweka kisima siku zote. Nalimwaga leo.